Nilimlipia mama hoteli ya kifahari kijijini kwao, akaondoka alfajiri

BARUA

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Kusini Unguja, na huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kufanya kazi Muscat, Oman. Mama yangu ana miaka 67. Baba alifariki mapema, na mama akatulea watoto wanne kwa mwani, kwa kuchokoa pweza na kwa kusokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, hadi magoti yalipomshinda miaka mitatu iliyopita. Katika umri wangu wote sikupata kumwona amekaa mchana kutwa bila ya kuwa na kazi mkononi. Niliweka nia kwamba nikijaaliwa nitampa siku chache za kutandikiwa, kupakuliwa na kuulizwa anataka nini.

Pembeni ya kijiji chetu kuna hoteli kubwa ya kifahari. Zamani tulikuwa tukipita mbele yake kwenda pwani, na siku moja mama alisema kwa mzaha kwamba angependa kujua vitanda vya mle ndani vikoje. Maneno hayo niliyahifadhi. Mwaka huu nilimlipia siku tano katika chumba kinachotazama bahari, chakula na vinywaji vyote vikiwa ndani ya bei, kwa riali 730, yaani karibu dola 1,900. Sijawahi kununua kitu cha thamani hiyo kwa ajili yangu mwenyewe.

Mama aliingia hotelini Jumatatu alasiri. Jumatano alfajiri, baada ya kuswali, alikitandika kitanda kwa mikono yake, akazipanga kandambili za hoteli mlangoni, akachukua mkoba wake na kurudi nyumbani kwa miguu. Nilipompigia simu aliniambia, "Pazuri, mwanangu, Mungu akuzidishie," kisha akaniuliza habari za baridi ya huku. Zimepita wiki tano na kila nikilitaja jambo hilo anageuza mazungumzo.

Kwa kuulizauliza nimekusanya mambo manne. La kwanza, Jumanne asubuhi hapakuwa na bahari. Maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa, ilhali picha za hoteli zinaonyesha maji yakigusa ngazi. Niliwaandikia kulalamika na kudai punguzo, wakanijibu kwamba bahari haimo katika orodha ya vitu wanavyoviendesha, jibu ambalo nililiona la kejeli. La pili, mama alitaka kutia miguu katika bwawa la kuogelea akiwa na dera lake, akaambiwa haruhusiwi kwa vazi lile. La tatu, kijana aliyemletea kahawa ni mtoto wa jirani yetu, ambaye mama amewahi kumkimbiza kwa ufagio, naye akawa anamwita madamu. La nne, kaka yangu anasema kwamba Jumanne hiyo mama alishuka pwani kwa wanawake wa mwani, akakaa nao hadi adhuhuri huku mgeni mmoja akiwapiga picha, kisha akataka kuwaingiza watatu wao kunywa chai barazani kwake, mlinzi akawazuia kwenye ngazi. Katika hili la mwisho sioni kosa la hoteli, kwa sababu chumba kililipiwa mtu mmoja.

Kaka ananisema kila siku kwamba fedha zile zingeezeka paa la nyumba ya mama. Nami nina maswali matatu. Je, naweza kurudishiwa malipo ya siku ambazo mama hakuzilala? Je, kaka ana haki ya kunisema? Na je, nizungumze vipi na mama, ambaye sijui kama nimemuudhi au amekataa tu kustarehe?

Binti wa Kusini, Muscat

JIBU

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu limesimama kwenye jambo la nne, ambalo wewe umeliweka mwisho na kulipitia haraka. Nitalifikia. Lakini niruhusu nianze na bahari, kwa kuwa bahari ndiyo itakayotufikisha huko.

Hoteli ilikujibu kwa ukavu, na ningekuwa meneja wao ningemfundisha aliyeandika barua ile adabu kidogo, ila katika hoja yenyewe hawakukosea. Pwani ya mashariki ya Unguja, tangu Matemwe hadi Makunduchi, imezungukwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuo, na katikati pana kina kidogo tu, hivyo maji yakipwa eneo lote hubaki mchanga, madimbwi na majani ya baharini. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufikia kiasi cha mita 4. Mgeni anayetaka kuogelea saa yoyote ya mchana hushauriwa kwenda Nungwi au Kendwa, kule kaskazini, ambako maji hayakimbii mbali hivyo, na wapiga picha wa hoteli za mashariki nao husubiri maji yajae ndipo watoe kamera zao. Mtalii aliyetoka Warsaw anaweza kusamehewa kwa kutolijua hili. Wewe umezaliwa pale, na nadhani ni miaka tisa ya Muscat iliyokusahaulisha.

Sasa fikiri pamoja nami. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku hizo upande wetu maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza huko Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi yake yote imefuata saa hizo: ndipo vigingi vinapofikika, ndipo mbegu zinapofungwa kambani, ndipo mwani uliokomaa unapovunwa na kubebwa kwa magunia mpaka nchi kavu. Maji mafu yakifika, yaani siku ambazo bahari haipwi sana, mwanamke wa mwani hubaki na kazi za kuanika na za nyumbani. Kuchokoa pweza nako hutaka maji yaliyokwenda mbali. Hata makumbi ya usumba hufukiwa katika mchanga ule ule ambao bahari huufunika na kuufunua, yakakaa humo miezi kabla ya kufukuliwa na kupondwa.

Maana yake ni kwamba ulimweka mama yako kwenye kitanda cha kuotea jua, chini ya mwavuli, siku ya bamvua, saa nne ya asubuhi, awatazame wenzake aliofanya nao kazi zaidi ya miaka thelathini wakiwa wameinama majini hatua chache kutoka alipolala. Ulitarajia afanye nini? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mama yako hakuingoja hata siku ya tatu. Magoti mabovu na yote, aliteremka. Ninaposoma kwamba alikaa nao hadi adhuhuri, sioni mwanamke aliyekataa kustarehe. Naona kwamba asubuhi ile huenda ndiyo aliyoifurahia kuliko zote, maana kwa mara ya kwanza alikwenda mwanini pasipo kulazimika, akijua kwamba akichoka kuna kitanda kinamsubiri.

Kisha akawakaribisha chai, na hapo ndipo safari yako ilipovunjika.

Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi miaka sita katika mapokezi ya hoteli moja ya ufukweni Unguja, kwa hiyo naijua hesabu ya mlinzi yule. Hoteli inayouza chakula na vinywaji ndani ya bei moja humvisha kila mgeni bangili ya plastiki mkononi kwa sababu haina njia nyingine ya kujua nani amelipa; kila anayeingia bila bangili ni kinywa ambacho hakikulipiwa. Juu ya hilo kuna suala la usalama wa wageni. Mlinzi hulipwa kusimama pale ambapo mchanga unakutana na ngazi. Chini ya ngazi hana mamlaka makubwa, kwani watu wa kijiji hupita ufuoni kama walivyopita siku zote, na ardhi ya Zanzibar kwa sheria ya mwaka 1992 ni mali ya umma iliyo chini ya Rais, ambayo mwekezaji huikodi. Juu ya ngazi, neno ni lake. Kwa kipimo cha kanuni, umesema kweli: chumba kililipiwa mtu mmoja.

Hata hivyo mama yako hakuwa akihesabu vinywa. Kwa miaka 67 amekuwa mwenyeji wa pwani ile. Watu hao watatu pengine wamekula kwake mara mia, naye kwao vilevile. Na mwanamke wa Kusini aliye na baraza, kiti na chai, anapomwona mwenzake akipita na gunia la mwani kichwani, hawezi kunywa peke yake akamtazama. Hilo kwetu lina jina, nalo ni jina baya. Aliwaita mbele ya watu, na kijana wa ulinzi, ambaye huenda naye ni mtoto wa mtu anayemfahamu, akamwonyesha mbele ya wenzake hao hao kwamba pale juu yeye hana nyumba ya kumkaribisha mtu. Ulimlipia chumba chenye kila kitu isipokuwa uwezo wa kusema karibu. Kwa mtalii upungufu huo hauonekani, kwa kuwa hana mtu wa kumkaribisha.

Nilipokuwa mapokezi niliona jambo la namna hii zaidi ya mara moja, na nakiri kwamba mara ya kwanza mimi ndiye niliyemwambia mzee mmoja kwamba wageni wake wangoje nje ya geti. Alinijibu, "Haya, mwanangu," akatoka, akakaa nao nje kwenye jiwe mpaka magharibi. Meneja wetu wa wakati ule, aliponiuliza baadaye kwa nini sikumpigia simu yeye, alisema vikombe vitatu vya chai havijapata kufilisi hoteli. Hivyo kosa la hoteli ya mama yako si kuwa na kanuni. Ni kwamba hapakuwa na mtu aliyepanda ngazi kwenda kumuuliza mkubwa, wala aliyemweleza mama kwamba zipo njia, kama vile kuwalipia wageni wa mchana kwa bei ya chakula au kuandaliwa chai upande wa mkahawa.

Lile la dera nitalisema kwa ufupi. Hoteli nyingi hukataa nguo za kawaida bwawani kwa hoja kwamba hutoa rangi na nyuzi zinazoziba mitambo ya kuchujia maji, na wakati huo huo zinakubali vazi la stara la kuogelea lililoshonwa kwa kitambaa cha maji. Ungeuliza kabla ya kulipa ungejua, na ungemtumia moja kutoka huko Muscat, ambako yanauzwa kwa wingi. Ama kijana wa kahawa, mwache. Alikuwa kazini, na "madamu" ndilo neno alilofundishwa. Nina hakika mama yako alicheka peke yake chumbani.

Kuhusu fedha. Fungua barua ya uthibitisho uliyopokea ulipolipa na utafute kifungu kinachohusu mgeni anayeondoka kabla ya siku zake. Kwa kawaida kifungu hicho husema hapana marejesho, kwa sababu chumba kilikuwa kimeshikiliwa kwa jina lake na hakikuuzwa kwa mwingine. Usiende kupigana nao kwenye kifungu ulichokikubali, na usiitaje tena bahari, maana umeshajiharibia nayo mara moja. Mwandikie meneja mkuu, si ofisi ya kuhifadhi nafasi, barua fupi yenye namba ya malipo, tarehe, na siku aliyoondoka mama, kisha umweleze kwa utulivu kilichotokea kwenye ngazi Jumanne ile, bila ya kumtaja mlinzi kwa sura wala kutaka afukuzwe. Omba thamani ya siku tatu zilizobaki iwekwe kama akiba ya kutumika baadaye badala ya fedha taslimu. Meneja huona uchungu mkubwa kutoa fedha zilizokwisha kuingia katika hesabu, lakini chumba au meza ambayo ingekaa tupu humgharimu kidogo, hasa miezi ya Aprili na Mei, wakati wa masika, ambapo hoteli zinazobaki wazi hufurahia kila anayevuka mlango.

Wakikubali, mimi ningekuwa wewe nisingeitumia akiba hiyo kwa vitanda. Ningewaomba waigeuze kuwa chakula cha mchana, meza ya watu wanane au kumi, iliyoandikwa jina la mama yako, naye ndiye awaite anaowataka na yeye ndiye akae kichwani mwa meza. Mlinzi apewe orodha ya majina mapema. Muda wake uwe alasiri, maji yakiwa yamejaa na wanawake wamekwisha kurudi, wameoga na kujitia kanga zao nzuri. Uulize pia kama meza hiyo inaweza kuwekwa mbali na baa. Lakini usilipange jambo hili kwa siri ukamletea kama zawadi ya pili iliyofungwa kwa karatasi. Muulize. Inawezekana hataki kabisa kuziona ngazi zile tena, na akisema hivyo, basi iandae karamu hiyo nyumbani kwake utakapokuja likizo, ambapo pilau itakuwa tamu zaidi.

Kaka yako ana haki juu ya paa na hana haki juu ya ulimi wake. Kama paa linavuja, lizungumzwe kama paa, mgawane gharama nyote wanne. Sikubaliani kamwe na wale wanaoamini kwamba mzee akishapata bati na dawa hana haja ya kulalia shuka laini. Mama yako mwenyewe alisema anataka kujua vitanda vile vikoje, nawe ulimsikia wakati wengine walicheka tu. Nia yako ilikuwa safi. Iliyokosekana ni nusu saa ya kumuuliza angependa kwenda lini, wapi na na nani. Nahisi, na unisamehe nikikosea, kwamba ulitaka pia kupata picha yake akiwa amekaa vile kwenye kiti, ili miaka tisa ya kuwa mbali ipate mahali pa kutulia. Hilo halina aibu, ila ni haja yako, na yeye hakujua kwamba anapaswa kuitimiza.

Sasa namna ya kuzungumza naye. Kwa wiki tano umekuwa ukimuuliza kwa nini aliondoka, na swali hilo kwake linasikika kama mtu anayedai stakabadhi, ndiyo maana anakimbilia baridi ya Muscat. Hawezi kukwambia kwamba alifedheheka, kwa sababu akikwambia hivyo atakuwa ameidharau zawadi yako, na mama wa aina yake atameza mambo makubwa kuliko hayo kabla ya kukuvunja moyo. Usimtajie hoteli. Muulize habari za wanawake wale watatu: ni akina nani, magunia yalikuwa mangapi, mwani wa safari hii ukoje, yule mgeni aliyewapiga picha aliomba ruhusa au alipiga tu. Mwache aende mbali na hadithi yake. Akifika kwenye ngazi, kama atafika, usimkatize kuitetea hoteli kama ulivyoitetea katika barua yako kwangu. Sema tu kwamba kaka amekusimulia, kwamba ungekuwepo ungeteremka na birika mwenyewe ukawapelekea chai mchangani, na kwamba unamwomba radhi kwa kumpeleka pale peke yake.

Tazama pia mwezi kabla ya kupiga. Muscat mko mbele yetu kwa saa moja, na ikiwa ni siku za bamvua usimtafute asubuhi, kwa kuwa magoti yake au si magoti yake, nadhani utaikuta simu imeachwa nyumbani. Piga baada ya alasiri, maji yakiwa yamejaa, naye ameshakaa barazani kwake.